Kupima roho ya mtu Butembo na Beni: kwa nini kutafsiri maswali hakutoshi

Mjini Beni, mtu akiulizwa kama katika siku saba zilizopita amekuwa akikaa macho, akiangalia huku na huku kama vile hatari iko karibu, jibu linajulikana kabla hajafungua kinywa: ndiyo. Akiulizwa kama kuna sehemu anazoepuka kwa sababu zinamkumbusha jambo baya, atasema ndiyo tena, na pengine ataitaja barabara ya Mbau kwenda Kamango. Usingizi unamkatika usiku? Ndiyo. Kwenye karatasi ya maswali kila ndiyo inaongeza alama, na alama zikipita kiwango kilichowekwa, mtu huyo anahesabiwa kuwa na dalili za ugonjwa wa mshtuko, ule ambao wengi hapa huuita "traumatisme".

Lakini kwa mkaaji wa Beni, kukaa macho si lazima iwe ugonjwa. Tangu Oktoba 2014 raia wa mji huo na wa wilaya yake wamekuwa wakiuawa mashambani, barabarani na hata mitaani, katika mashambulio ambayo mengi yanahesabiwa kuwa ya waasi wa ADF. Mkulima anayekwenda shambani bila kusikiliza kwanza habari za usiku ndiye watu watakayemshangaa.

Karatasi za namna hiyo zimekuwa nyingi upande huu wa Kivu Kaskazini. Zinaletwa na mashirika ya misaada, na watafiti wa vyuo vikuu, na waganga. Zinasaidia kuamua nani apelekwe kwa mshauri, kijiji gani kipate mradi, na mwishoni zinatumiwa kuwaonyesha wafadhili kama pesa yao imeleta faida. Nyingi zilitungwa Marekani au Ulaya, kwa Kiingereza. Kabla ya kufika Oicha, Mangina au Lubero zinapita kwenye Kifaransa, kisha kwenye Kiswahili, na mara nyingi zinamalizikia kwenye Kinande, mdomoni mwa yule anayeuliza. Baada ya kuvuka lugha tatu au nne, je, bado zinapima kile zilichotungwa kupima?

Rangi ya buluu

Orodha ya Hopkins, inayotumika sana duniani kupima huzuni na wasiwasi, ina kipengele ambacho kwa Kiingereza kinataja rangi ya buluu. Kwa Mmarekani, kujisikia buluu ni kujisikia huzuni. Mtafsiri akifuata kamusi peke yake, mama wa Butembo ataulizwa kama anajisikia buluu, naye atadhani anaulizwa habari ya kitenge. Kosa kama hilo linaonekana haraka. Watu wanacheka, linasahihishwa.

Yanayoumiza ni makosa yasiyochekesha mtu. Orodha hiyohiyo inauliza kama mtu anajisikia amenaswa, hana pa kutokea. Kwa mwanamke wa Minneapolis hayo ni maneno ya moyoni. Kwa aliyekimbia kutoka Eringeti na ambaye hawezi kurudi kwake, hayo ni maelezo ya hali ya barabara. Inauliza pia kama hamu ya chakula imepungua. Anayekula mara moja kwa siku kwa sababu hana pesa ya unga, aseme nini? Kila neno limetafsiriwa sawasawa, na hakuna mwalimu wa lugha atakayelalamika. Ila jibu linaingia kwenye hesabu kama dalili ya ugonjwa, wakati ni habari ya vita na ya umaskini.

Hatari iko pande zote mbili. Swali lililokosea maana linaweza kumweka mzima kwenye orodha ya wagonjwa. Linaweza pia kumwacha mgonjwa nje, kwa sababu neno alilosomewa si neno analolitumia kusema kwamba ameshindwa. Huyo wa pili ndiye anayerudi nyumbani bila msaada, na jina lake halitaonekana katika ripoti yoyote.

Kichwa kilichochoka

Butembo ni kati ya miji michache ya mashariki mwa Kongo ambako watafiti waliamua kuanzia upande mwingine. Mwaka 2013, Peter Ventevogel pamoja na Mark Jordans, Ria Reis na Joop de Jong walichapisha utafiti kuhusu namna jamii nne zilizopitia vita zinavyoita matatizo ya akili. Jamii hizo zilikuwa Burundi, Sudan Kusini na Kongo, na kwa upande wa Kongo kazi ilifanyika Butembo, kati ya wasemaji wa Kinande. Kwa jumla walikaa na vikundi 31 vya mazungumzo, watu 251. Hawakupeleka orodha ya magonjwa iliyoandikwa tayari. Walitaka kujua: hapa kwenu, mtu akisumbuka akilini mnasema ana nini, mnaona nini kwake, imetoka wapi, na mnampeleka wapi?

Katika jamii zote nne, watu walikuwa na jina la wazimu mkubwa, ule wa mtu anayezunguka barabarani akisema peke yake. Kwa Kinande watafiti waliandika "erisire". Wote waliuona kuwa jambo zito linalohitaji matunzo. Lakini Butembo walisikia pia jina la hali nyingine, isiyo wazimu, ambayo waliiandika "amutwe alluhire", yaani kichwa kilichochoka. Mwenye hali hiyo anawaza sana, ana huzuni, anajitenga na wenzake.

Mganga aliyesomea vitabu vya Ulaya angesema hiyo ni depresheni, au ndugu yake wa karibu. Wakaaji wenyewe hawakuiweka kwenye kapu la magonjwa. Kwao hali za namna hiyo zinatokana na kufiwa, na ugomvi wa nyumbani, na taabu za maisha; na msaada wake unatafutwa kwa jamaa, kwa majirani na kanisani, si kwenye kituo cha afya.

Jambo hilo moja linabadilisha mengi. Kama karatasi inamuuliza mtu kuhusu "ugonjwa wa akili", mwenye kichwa kilichochoka atajibu hapana, tena kwa moyo mweupe, kwa sababu yeye si mwenda wazimu. Akiulizwa kama kichwa chake kimechoka kwa kuwaza, pengine ataanza kueleza. Na kama msaada umewekwa ndani ya hospitali tu, hata aliyejibu vizuri anaweza kukosa kufika, maana katika akili yake huko si mahali pa shida ya aina ile.

Kiswahili kipi?

Wengine hudhani kwamba kwa kuwa Kiswahili ni lugha ya watu wengi, kazi imekwisha fanyika kwingine na inatosha kuchukua karatasi kutoka Nairobi au Dar es Salaam. Ni kweli kazi ipo. Orodha ya Hopkins ilijaribiwa Dar es Salaam na Sylvia Kaaya na wenzake, kwa wanawake wajawazito wenye virusi vya ukimwi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Huko Eldoret, magharibi mwa Kenya, karatasi fupi ya maswali tisa kuhusu huzuni ilipimwa kwa wagonjwa 347 na kuchapishwa mwaka 2009.

Ila Kiswahili cha Dar es Salaam kikifika Butembo kinabisha hodi kama mgeni. Neno "sonona", ambalo Watanzania wamelichukua kwa ajili ya depresheni, sokoni Butembo halimwambii mtu kitu. "Msongo wa mawazo" unaeleweka kwa aliyesikiliza sana redio za nje. Mkaaji wa kawaida atasema "niko na mawazo mingi", "roho inaniuma", "kichwa imechoka". Mwalimu mkali wa sarufi atataka kuyasahihisha maneno hayo. Akiyasahihisha kwenye karatasi ya maswali atakuwa ameharibu kipimo, kwa sababu hapo kinachotafutwa ni neno ambalo mtu mwenyewe hulitumia akiwa na shida.

Funzo hilo lilijionyesha wazi wakati wa Ebola. Mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukianzia Mangina, uligusa watu 3,470 na kuua 2,287 hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020; Beni, Butembo na Katwa zilikuwa kati ya sehemu zilizoumia zaidi. Mwaka 2019 shirika la Watafsiri Wasio na Mipaka lilichunguza Beni namna watu walivyokuwa wakipokea habari za ugonjwa. Liliona kwamba Kifaransa na Kiswahili cha vitabuni viliwaacha wengi nyuma, na kwamba watu walitaka kuelezwa kwa Kinande na kwa Kiswahili chao cha hapa. Kama ujumbe wa kunawa mikono ulipotea njiani kwa sababu ya lugha, si ajabu swali kuhusu hofu na aibu lipotee pia.

Kazi iliyofanyika Bunia

Mfano wa kufuata hauko mbali. Cindy Mels na wenzake wa Chuo Kikuu cha Gent, Ubelgiji, walifanya kazi Ituri, jimbo jirani, na wanafunzi wa sekondari. Walikuwa na karatasi mbili: moja ya maswali 22 kuhusu mtu anavyoguswa na tukio baya baada ya muda kupita, na nyingine ya maswali 37, iliyotokana na orodha ya Hopkins na kutengenezwa kwa ajili ya vijana. Hawakuzipeleka kwa mtafsiri na kungoja. Walikaa na watu wa huko wanaofanya kazi ya afya ya akili, wakapima maneno pamoja nao, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa kama vinavyosemwa Kongo. Baadaye, mwaka 2010, walichapisha namna walivyofanya, ili mwingine aweze kukagua.

Kwa karatasi iliyotengenezwa hivyo, waliuliza vijana 1,046 wa miaka 13 hadi 21 katika shule 13. Asilimia 95 walisema wamepitia angalau tukio moja la kutisha. Kwa wastani kila mmoja alitaja karibu matano. Kati ya waliopitia matukio hayo, asilimia 52 walikuwa na dalili zinazotosha kuhesabiwa kuwa na mshtuko. Tarakimu hizo zilichapishwa mwaka 2009, na bado zinatisha. Uzito wake unategemea jambo moja: vijana walielewa walichoulizwa.

Njia yenyewe inajulikana, na si ya siri. Mtu mmoja anatafsiri. Mwingine, ambaye hajaiona karatasi ya asili, anarudisha tafsiri ile kwenye lugha ilikotoka, kisha karatasi mbili zinalinganishwa. Utaratibu huo wa kurudisha ulipata umaarufu kwa maandishi ya Mmarekani Richard Brislin ya mwaka 1970, na mashirika mengi huishia hapo. Ni bora kuliko kutofanya lolote, lakini "kujisikia amenaswa" ingepita mtihani huo bila shida yoyote: inakwenda Kiswahili, inarudi Kiingereza ileile.

Kinachohitajika zaidi ni kukaa na watu. Mama mmoja anasomewa swali, halafu haulizwi jibu. Anaulizwa amesikia nini, alieleze kwa maneno yake. Kumi wakifanya hivyo, kasoro nyingi zinajitokeza. Kuna maswali ambayo hakuna atakayejibu mbele ya mkwe wake, hasa yale ya mambo ya ndoa. Kuna ngazi za majibu, "hapana kabisa", "kidogo", "sana", "sana sana", ambazo mtu hawezi kuzishika kichwani, na huko ndiko picha inasaidia: bidoni tupu, bidoni nusu, bidoni iliyojaa. Na kuna dalili ambazo karatasi ya asili haikuzijua, ambazo lazima ziongezwe.

Mwisho kuna kiwango. Mtu anakuwa mgonjwa akifikisha alama ngapi? Kiwango kilichowekwa kwa Wamarekani hakiwezi kuhamishwa kama gunia la viazi. Kinatakiwa kulinganishwa na watu wa hapa ambao jamaa zao au waganga wanawajua kwamba wameshindwa kuendelea na maisha, na wengine wanaojulikana kuwa wazima. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi inayokula muda na pesa, na ndiyo ya kwanza kukatwa mradi ukichelewa.

Kutoka shida hadi tabia

Mambo yanakuwa magumu zaidi pale kinachopimwa si shida ya mtu bali tabia yake: kama ni mpole au mkali, mwenye bidii au mvivu, mtu wa watu au mwenye kujitenga. Vipimo hivyo vinatumika kwingine kuchagua wafanyakazi na kuwaelekeza wanafunzi, na Kongo inavijua tangu zamani.

Wakati wa mkoloni, André Ombredane, mwalimu wa saikolojia katika Chuo Kikuu Huru cha Brussels, alichukua kipimo kilichotungwa Harvard katika miaka ya 1930, ambacho mtu anaonyeshwa picha na kuombwa kusimulia kinachotokea ndani yake. Ombredane aliona kwamba picha za Wazungu ndani ya nyumba za Wazungu hazitamsemesha Mkongomani. Akachoresha picha nyingine, zenye watu na mazingira ya huku, na kipimo hicho kikaitwa Congo TAT. Kitabu chake kilitoka mwaka 1954. Wazo la kubadilisha picha lilikuwa zuri. Ila kichwa cha kitabu kilisema ni uchunguzi wa akili ya watu weusi, kana kwamba Mluba, Mnande na Mkongo wana akili moja ya kuchunguzwa kutoka nje. Picha zilibadilika, macho ya anayetazama yalibaki yaleyale.

Nchi nyingine zimepita njia hiyo kwa jasho lao wenyewe. Uturuki ni mmoja wa mifano inayofundisha. Kipimo cha Minnesota, kilichotolewa mwaka 1943, kina sentensi zaidi ya 500 ambazo mtu anajibu kweli au si kweli, na waliowekwa kama kipimo cha watu wa kawaida walikuwa watu wa jimbo la Minnesota. Kati ya sentensi hizo kulikuwa na moja kuhusu kuamini kurudi kwa Kristo, na nyingine kuhusu kupenda hadithi ya watoto ya Kiingereza inayomhusu msichana aitwaye Alice. Sasa ipeleke kwa Waislamu wa Ankara, au kwa mkulima wa Anatolia. Mwanasaikolojia Işık Savaşır ndiye aliyeongoza kazi ya kukiweka kipimo hicho kwa Kituruki na kutafuta viwango vya Waturuki wenyewe. Kitabu chake cha mwongozo kilitoka mwaka 1981, karibu miaka 40 baada ya kile cha Marekani.

Je, Wakongomani ndio wenye bidii kuliko wote?

Kongo nayo imo kwenye ramani ya dunia ya tabia, ingawa wakaaji wake wachache wanajua. Mwaka 2007 David Schmitt na wenzake walitoa matokeo ya karatasi ya maswali 44 kuhusu tabia, iliyotafsiriwa katika lugha 28 na kujibiwa na watu 17,837 katika mataifa 56. Katika bidii na utaratibu wa kazi, Kongo yetu ilikuwa kati ya nchi zilizopata alama za juu sana. Japani ilikuwa chini.

Anayetaka kufurahi afurahi, na wafanyabiashara wa Butembo watasema walijua tangu zamani. Lakini watafiti hawakukubali upesi. Mwaka 2008 Steven Heine, Emma Buchtel na Ara Norenzayan walilinganisha majibu ya namna hiyo na vitu vinavyoonekana kwa macho: saa za hadharani zinakwenda sawa au hapana, watu wanatembea kwa kasi gani barabarani, mfanyakazi wa posta anachukua muda gani. Nchi ambazo watu walijisifu kuwa na bidii hazikuwa ndizo zenye saa sahihi.

Sababu moja ni kwamba kila mtu hujipima na majirani zake. Mjapani anayefika kazini dakika moja kabla ya wakati anajiona mzembe, kwa sababu wenzake walifika dakika kumi kabla. Sababu nyingine inahusu ndiyo. Mwaka 2019 Rachid Laajaj na wenzake walikusanya majibu ya watu 94,751 waliohojiwa uso kwa uso katika nchi 23 za kipato cha chini na cha kati, na wakaona kwamba vipimo hivyo vya tabia mara nyingi havikupima walichosema vinapima. Watu walikuwa na mwelekeo wa kukubali lolote walilosomewa. Ukimwambia mtu "wewe ni mchapakazi", anakubali. Ukimwambia baadaye "wewe ni mvivu kidogo", anakubali pia. Mgeni amekuja mpaka nyumbani, ameketi kitini, ana karatasi na kalamu. Kumkatalia ni kukosa adabu. Yeyote aliyelelewa katika nyumba ya Kiafrika analijua hilo bila kuambiwa na profesa.

Kiswahili kina ugumu wake cha ziada. Kiingereza kina maelfu ya vivumishi vya tabia, na vipimo vingi vimejengwa juu ya vivumishi hivyo. Kiswahili kina vichache. Tunasema mtu ana roho nzuri, ana mkono mrefu, ni mwenye haya, ni mtu wa watu, hana maneno. Heri Garrashi, pamoja na Dick Barelds na Boele de Raad wa Chuo Kikuu cha Groningen, hawakukiona hicho kuwa kilema cha lugha. Walikusanya namna hizo zote ambazo Waswahili hueleza tabia, wakatafuta zinajipanga vipi zenyewe, bila kuzilazimisha kuingia kwenye masanduku ya Kiingereza. Ndugu wa kazi hiyo ni ile iliyofanywa kwa lugha ya Wamasai na Amber Thalmayer na wenzake, iliyotoka mwaka 2020. Kiswahili cha Butembo, chenye damu nyingi ya Kinande na Kifaransa, kingekuwa na mengi ya kuongeza.

Nani anauliza

Hata swali zuri linaharibika mikononi mwa asiyeaminiwa. Mnamo Septemba 2018, Patrick Vinck, Phuong Pham na wenzao waliwauliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo kuhusu Ebola. Mmoja kati ya wanne hakuamini kwamba ugonjwa upo. Chini ya theluthi moja waliamini kwamba viongozi wa hapo wanatafuta faida ya raia. Miezi michache baadaye, Februari 2019, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na tarehe 19 Aprili daktari wa Shirika la Afya Duniani, Richard Mouzoko kutoka Kamerun, aliuawa kwenye kliniki za Chuo Kikuu cha Graben.

Katika hali hiyo, kijana mwenye kofia ya shirika akiingia uwanjani kwa mtu na kuanza kuuliza kama analia mara kwa mara, au kama amewahi kuona heri afe, si ajabu akijibiwa anachotaka kusikia ili aondoke. Au ajibiwe kwa kuzidisha, kama uvumi umesema walio na alama nyingi watapewa chakula. Ndiyo maana wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii, wanaojulikana hapa kama APS, wengi wao wanawake wa mtaa uleule, wana thamani kuliko karatasi yenyewe. Wanajua kwamba kwa mama mzee hauanzi na swali la kwanza. Unaanza na habari za watoto, za shamba, za mvua, kisha, "Mama, siku hizi roho inakuwa namna gani?"

Kivu Kusini iliwahi kuonyesha kinachowezekana pale kazi inapofanywa mpaka mwisho. Judith Bass na wenzake, pamoja na shirika la IRC, walifanya kazi na wanawake waliobakwa, wengi wao wasiojua kusoma. Maswali yaliandaliwa kwa lugha tano: Kibembe, Kifuliru, Kihavu, Mashi na Kiswahili. Vijiji 7 vyenye wanawake 157 vilipewa matunzo ya mazungumzo, kikao 1 cha mtu peke yake na 11 vya kikundi, vikiongozwa na wasaidizi wa kikongomani waliofunzwa. Vijiji 8 vyenye wanawake 248 vilipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Kijiji cha kumi na sita kiliondolewa kwenye hesabu kwa sababu ya mashaka juu ya uwezo wa msaidizi wake.

Miezi sita baada ya matunzo, waliobaki na dalili za huzuni kubwa au wasiwasi walikuwa asilimia 9 upande wa vikundi, na asilimia 42 upande mwingine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013, mwaka uleule wa utafiti wa kichwa kilichochoka wa Butembo.

Tangu Kanyabayonga ilipoangukia mikononi mwa M23, Juni 2024, familia nyingi zimekimbilia Lubero na Butembo, zikiongezeka juu ya zile za Beni ambazo hazijarudi vijijini. Mtu akiwafikia na karatasi ya maswali, kuna jambo rahisi ambalo mwenye nyumba anaweza kumwomba kabla ya kujibu: asome swali lake kwa Kinande, kisha aeleze yeye mwenyewe limemaanisha nini.